Dirisha la Raundi ya Tisa

"Pindua namba, Yudelka. Watu wanataka kucheka."

Sauti ya Confesor ilitoka simuni nyororo, ileile inayotangaza majina ya wachezaji kwenye vipaza sauti vya uwanja wote. Yudelka alikuwa ameibana simu kwa bega, na mikononi ameshika kibao cha bati chenye namba 16.

"Tulishampindua mwaka jana, Confesor. Hamjachoka?"

"Atakapochoka yeye kuja, ndipo na sisi tutachoka. Pindua, mpenzi. Uwanja mzima unakungoja."

Simu ikakatwa. Yudelka akakiangalia kile kibao. Barahona, mji wenye wazimu wa besiboli, ndivyo ilivyo: ukivaa bluu ya Kaa, timu ya nyumbani, kisha ukarudi umevaa nyekundu ya wapinzani, Jogoo wa Azua, namba yako hutundikwa kichwa chini. Haijalishi kama uliuzwa bila kuulizwa, kama gunia la vitunguu. Msaliti ni msaliti.

Akakipindua. Akakisukuma dirishani. Nje, 16 ikasomeka 91, na uwanja ukalipuka kwa kicheko, ngoma zikalia, na juu ya kelele zote ikasikika sauti ya doña Nereida, muuza maandazi wa jukwaa la kushoto, mwanamke mwenye kifua cha kuendesha kanisa:

"Kichwa chini, Radhamés! Kichwa chini kama popo!"

"Safi," akasema don Fremio, baba yake Yudelka, akipangusa jasho. "Akome."

Wawili hao walikuwa ndani ya ukuta. Ndiyo, ndani ya ukuta. Ubao wa matokeo wa uwanja ule ni wa zamani, unaendeshwa kwa mikono, na umejengwa ndani ya ukuta wa kushoto, nyuma kabisa ya wachezaji. Ndani mna ujia mwembamba kama wa kupitia mbuzi, ngazi moja, madirisha yanayotazama uwanjani, moja kwa kila raundi, vibao vya namba, vibao vya herufi, na joto la kuivisha mkate. Mlango ni mmoja tu na unafungukia uwanjani, kwa hiyo mchezo ukishaanza hutoki, hata ubanwe na nini. Ndoo ipo pembeni. Don Fremio alikaa humo ujana wake wote, na magoti yalipomgoma, binti yake akapanda ngazi kwa niaba yake. Mzee alibaki chini akimpa vibao na kulinda sufuria yake ya sancocho, ile supu nzito ya mihogo na nyama ambayo bila hiyo, alisema, Kaa hawawezi kushinda.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, mchana wa jua kali, na mshindi ndiye angeingia fainali. Ila kilichomsumbua Yudelka hakikuwa fainali. Kilikuwa mfuko uliotundikwa kwenye msumari wa mlango, na ujumbe wa Confesor alioupata asubuhi:

"Gauni jeupe limo kwenye mfuko. Mechi ikiisha nitakuita kwa kipaza sauti. Toka umelivaa, uje katikati ya uwanja, nitakuchumbia mbele ya Barahona nzima. Mjomba wangu atakuwepo. Usiniangushe mbele za watu."

Mjomba ndiye mwenyekiti wa klabu. Nyumba wanayokaa Yudelka na baba yake, ile ya mabati nyuma ya ukuta, ni ya klabu. Kazi ni ya klabu. Hata dawa za magoti ya mzee, Confesor ndiye aliyezisemea zikalipwa. Mwanamume mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa mtanashati, hanywi, anamwita don Fremio "baba" kabla hajaruhusiwa. Tatizo ni kwamba Yudelka hakumpenda. Na ni mwanamke gani, jamani, anayeweza kusimama mbele ya uwanja uliofurika akasema hapana kwa mwanamume aliyepiga goti?

Kwa hiyo, wakati watu wote wakiomba mechi iishe vizuri, Yudelka alikuwa anaomba isiishe kabisa.

*

Zamu ya Jogoo kupiga ikaisha, wakaingia kulinda. Na nani analinda upande wa kushoto, mbele kabisa ya ule ukuta? Radhamés. Alikuja akikimbia taratibu, akageuka, akampa Yudelka mgongo. Pale penye pengo kati ya kibao na kibao ndipo Yudelka alipoweza kumwona: shingo ileile, masikio yaleyale yaliyojitokeza.

Radhamés akaziba mdomo kwa glovu, kama wachezaji wafanyavyo wasisomwe midomo.

"Naona bado hujajifunza kusoma namba," akasema.

Mwaka mzima na zaidi hawakuwa wamesemezana.

"Nimeagizwa," akajibu kupitia pengo.

"Na mwaka jana uliagizwa?"

Mpira ukapigwa upande wa pili, watu wakapiga kelele, Radhamés akasogea mbele.

"Unaongea na nani huko juu?" don Fremio akauliza.

"Najihesabia, baba."

"Hesabu kimyakimya. Joto lenyewe linatosha."

Mzee alikuwa na sikio moja bovu tangu fataki ya sherehe ilipomlipukia karibu. Yudelka akajihamisha upande wa hilo sikio bovu.

Raundi ikaenda, raundi ikaja. Kaa wakapata pointi, Jogoo wakarudisha, Kaa wakaongeza. Mechi ikawa ya kuvuta na kuachia, hakuna aliyemwacha mwenzake. Na kila Jogoo walipoingia kulinda, ule mgongo ukarudi.

"Mwaka jana siku ile," akasema Radhamés kwenye raundi ya nne, "unajua nilikuja na nini?"

"Ulikuja na jezi nyekundu."

"Nilikuja na pete."

Yudelka akashika ngazi kwa mikono miwili.

"Muongo wewe."

"Nilikuwa nayo ndani ya soksi. Nikasema, mechi ikiisha nitagonga mlango wa ukuta, nimwombe mzee. Nikainua macho ubaoni nione namba yangu. Nikaona tisini na moja."

"Radhamés..."

"Maelfu ya watu wakinicheka nilizoea. Lakini mkono ulioipindua niliujua."

Akakimbilia mpira uliokuwa unadunda kuelekea mstarini, akautupa ndani, akarudi. Raundi ikaisha, akaondoka. Yudelka akabaki juu ya ngazi, kibao cha matokeo mkononi, hakioni.

Maana mwaka jana hakuna aliyemwagiza. Ilikuwa ni yeye. Siku Radhamés alipompigia kumwambia ameuzwa kwa Jogoo, alikuwa amemjibu: "Basi ukivaa nyekundu, usinitafute." Maneno ya shabiki, yaliyotoka kinywani mwa mpenzi. Watu wa mahali pengine wanaachana kwa sababu ya uhawara. Barahona, wewe mwenyewe umeona.

Simu ikalia. Ujumbe wa Confesor:

"Kibao cha raundi ya nne kiko wapi? Uko macho? 😊"

Akakitundika haraka.

*

Raundi ya nane, Kaa wakiongoza tatu kwa mbili, Radhamés akaingia kupiga. Jogoo wawili walikuwa kwenye vituo wakisubiri. Uwanja wote ukaimba "Tisini na moja! Tisini na moja!" Doña Nereida akatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa wapo wanaosoma na wakwe zao.

Mrushaji akarusha. Radhamés akazungusha rungu, na mlio wake, tah!, ulitosha kunyamazisha mji. Mpira ukadondoka kati ya walinzi wawili, ukabiringika hadi ukutani, Jogoo wote wawili wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili. Nne kwa tatu.

"Nipe mbili, baba," akasema Yudelka.

Don Fremio akakaa nacho kile kibao.

"Baba. Nipe."

"Sina mkono wa kumpa yule namba."

"Akipiga, tunatundika. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mzee akakitoa huku akinung'unika. Yudelka akakitundika, akashangaa kujiona anatabasamu, akajificha uso.

Kaa walipoingia kupiga, Radhamés alirudi mahali pake.

"Tisini na moja ana nguvu," Yudelka akanong'ona.

Yule mgongo ukatikisika kidogo. Alikuwa anacheka. Lakini alipozungumza tena, kicheko hakikuwemo.

"Nasikia leo kuna uchumba hapa."

"Nani kakwambia?"

"Wauza maji wote wanajua. Kuna keki imefichwa kwenye chumba cha waamuzi. Unampenda?"

"Swali gani hilo."

"Swali fupi."

"Nyumba ni yao, Radhamés. Kazi ni yao. Baba magoti yake hayamfikishi hata sokoni. Atanisimamisha mbele ya watu wote. Nimefungiwa humu, na nikitoka nimefungiwa kule."

"Sikuuliza nyumba ni ya nani."

Yudelka akaegemeza paji la uso kwenye bati la moto.

"Simpendi," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa sauti, na lilipotoka, akasikia kama viatu vilivyombana vimevuliwa.

Chini, don Fremio alikuwa anakoroga sancocho. Alikoroga polepole sana.

*

Raundi ya tisa, ya mwisho. Bado nne kwa tatu. Kaa wanapiga. Wawili wakatolewa upesi, akitolewa mmoja zaidi mchezo umekwisha; wa tatu akapata kituo cha kwanza. Kocha wa Jogoo akatembea hadi kwa mrushaji wake, akampokonya mpira, akaita mwingine. Mchezo ukasimama. Radhamés akarudi nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, chini ya dirisha la raundi ya tisa, ambalo lilikuwa limezibwa na kibao kitupu kikisubiri namba.

"Yudelka."

"Naam."

"Basi letu likiondoka leo sirudi tena. Nimepata timu Mexico, msimu ukiisha naondoka. Toa hicho kibao. Nione uso wako mara moja tu, nisiondoke na tisini na moja kichwani."

"Hairuhusiwi kuacha dirisha wazi."

"Najua. Nilichezea hapa."

Yudelka akamtazama baba yake. Mzee ameinamia sufuria. Akashika kibao, akakivuta, mwanga ukamwagika ndani ya ukuta. Radhamés akageuza kichwa. Kitambo kile kilikuwa kifupi sana, lakini waliangaliana kama watu walioonana stesheni, kila mmoja na treni yake.

"Umekonda," akasema Radhamés.

"Na wewe masikio hayajapungua."

Kisha machozi yakamshinda. "Nisamehe. Ilikuwa mimi. Hakuna aliyeniagiza mwaka jana. Baba alinuna, mji ukanuna, na mimi nikaona nikikupenda umevaa nyekundu watanicheka. Nikawatangulia kukucheka mimi. Nisamehe."

"Nilikusamehe ndani ya basi, kabla hatujafika Azua. Nilikuwa nangoja uniombe."

"Na pete?"

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Sikuitupa. Ipo kwenye soksi."

Yudelka akacheka na kulia pamoja. Mrushaji mpya alishamaliza kupasha mkono. Mwamuzi akapaza sauti.

"Funga sasa," akasema Radhamés, akasogea mbele hatua kadhaa.

"Subiri kidogo."

"Yudelka, funga."

Hakufunga. Hapo ndipo penye kosa lote, na silipaki rangi. Alikuwa na kibao mkononi na uso dirishani, anaiangalia ile shingo, anajiambia: sekunde moja tu zaidi, baada ya hii ni maisha yangu yote. Mfukoni simu ikatetemeka. Hakuitazama.

Mpigaji wa Kaa akaupata ule mpira barabara.

Watu wakasimama wote kwa pamoja. Mpira ulikuja kushoto, mkali, umenyooka, hauko juu wala chini. Radhamés akageuka kuukimbilia, akaona unakokwenda, na mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kuuacha mpira upite bila kuunyoshea glovu, akauacha.

"INAMA!" akapiga ukelele.

Yudelka akaanguka chini kutoka ngazini. Mpira ukapita pale uso wake ulipokuwa, ukagonga ukuta wa ndani, ukaruka, ukatua ndani ya sufuria ya sancocho. Muhogo ukamrukia don Fremio shavuni.

Uwanja wote ukamgeukia mwamuzi.

Sheria ya uwanja ule ni moja na kila mtoto anaijua: mpira ukiingia ndani ya ubao, umekufa. Kila mkimbiaji anapewa vituo viwili tu, asiongeze hata hatua. Yule Kaa wa kituo cha kwanza alikuwa ameshapita nyumbani, ameshakumbatiwa na wenzake, pointi ya kusawazisha. Mwamuzi akainua vidole viwili. Akamrudisha kituo cha tatu.

Ukapigwa ukelele ambao nadhani hata samaki waliusikia. Mwamuzi hakutikisika. Mpigaji aliyefuata akapiga mpira juu, mwepesi, kushoto. Radhamés akasogea hatua tatu, akaudaka; wa tatu huyo ametolewa.

Nne kwa tatu. Jogoo wameingia fainali. Kaa wamekwisha.

*

Ndani ya ukuta, don Fremio alichota mpira kwa upawa, akautazama ukidondosha mchuzi.

"La kuvunda halina ubani," akasema.

"Baba, ni mimi..."

"Mpangusie kwanza baba yako uso."

Simu ikalia. Confesor, na sauti haikuwa nyororo.

"Umefanya nini, Yudelka?"

"Niliacha dirisha wazi."

"Najua uliacha wazi! Nilikutumia ujumbe!" Akashusha pumzi. Alipoendelea, siagi ya sauti yake ilikuwa imerudi. "Sikiliza. Nimeshapanga. Nitawaambia alikuwa mzee, macho yamechoka, alisahau. Mzee watamsamehe. Wewe toka na gauni, tufanye jambo letu, watu wasahau hasira. Mjomba amekubali."

"Baba hakugusa lile dirisha."

"Nani anajua? Yeye ni mzee, haajiriwi popote. Wewe ni mke wangu mtarajiwa. Chagua vizuri, Yude. Nyumba ile mnaipenda."

Akakata. Yudelka akafungua ujumbe aliokuwa hajausoma: "Yude, dirisha la tisa liko wazi. Nakuona umesimama hapo. Funga haraka." Akakaa chini, mgongo ukutani. Nje, ngumi zilianza kupigwa kwenye bati la mlango. Watu wa jukwaa la kushoto walikuwa wameruka uzio.

"Tokeni! Nani kauza mechi? Tokeni!"

Kisha katikati ya zile kelele, karibu sana, sauti nyingine:

"Yudelka. Ni mimi. Nimesimama mlangoni, hawapiti hapa."

Yudelka akasogelea mlango. Mdomo wake uliuliza kabla hajauzuia:

"Uliniambia nifungue ili mpira uingie?"

Kitu kikagonga ukuta, chungwa au kopo.

"Yudelka, mpira ule hata aliyeupiga hakujua unakwenda wapi."

Ndipo vipaza sauti vikakohoa, na sauti ya Confesor ikajaa uwanjani.

"Ndugu zangu wa Barahona! Najua mnaumia. Nami naumia. Mzee wetu don Fremio ametutumikia miaka mingi. Macho yamechoka, mikono imechoka. Leo alisahau dirisha. Tumsamehe, apumzike. Lakini siku hii isiishe kwa machozi. Binti yake, ua la uwanja huu... Yudelka, mpenzi wangu, toka nje. Nina jambo la kukuuliza."

Ngumi zikapungua. Umbea unaweza kutuliza hata ghasia. "Toka! Toka! Toka!" wakaanza kuimba, na ngoma zikafuata.

Yudelka akautazama mfuko mlangoni. Akaunyoshea mkono. Mkono ukabaki hewani.

"Nitamkubali, baba," akasema. "Utakaa wapi nikikataa? Na jina lako watakuwa wameshalichafua hata hivyo."

"Nipe hiyo simu nisome alichokuandikia."

"Baba..."

"Macho yangu yamechoka, sivyo? Hebu tuone." Mzee akaisogeza simu, akasoma kila neno kwa sauti: "'Nakuona umesimama hapo.' Kumbe alikuona wewe. Na bado ananipa mimi."

Akamrudishia. Akajiinua kwa kushika ngazi, magoti yakilia, akaenda hadi kwenye rafu ya vibao vya herufi, vile wanavyoandikia majina ya wachezaji.

"Sikio langu moja ndilo bovu, mwanangu. La pili zima kabisa. 'Najihesabia, baba.' Nimekusikia tangu raundi ya kwanza, na ningetaka kukukataza ningekukataza. Nilinuna mwaka jana, wewe ukaniiga. Sitaki uniige tena."

"Na nyumba?"

"Nina dada kule Paraíso, ana chumba na mbwa mbaya. Tutazoeana."

"Na Kaa?"

"Kaa wamenifia kila mwaka tangu nina nywele, na kila Oktoba, msimu ukianza, wanafufuka. Panda ngazi. Amekuuliza mbele za watu, mjibu mbele za watu."

Akamwekea herufi ya kwanza mkononi.

Nje, Confesor alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, kipaza sauti mkononi, goti moja chini, keki nyuma yake juu ya meza. Watu wakaona namba ya raundi ya kwanza inaondoka ubaoni. Mahali pake ikaja herufi. Kisha ya pili. Wakaanza kusoma kwa pamoja, kama darasa, na kila herufi ilipoongezeka sauti zikapungua, mpaka madirisha sita yalipojaa na hakuna aliyebaki anaimba.

HAPANA.

Simu ikalia papo hapo.

"Ondoa hicho kitu! Unaniaibisha! Ondoa!"

"Ulitaka wanione wote nikijibu, Confesor. Wameniona."

"Kesho mnahama!"

"Leo," akasema Yudelka, akakata mwenyewe.

Akafungua mlango.

Mwanga ulimpiga machoni. Alikuwa na suruali yake ya kazi, nywele zimegandana kwa jasho, doa la sancocho begani. Radhamés alikuwa amempa mgongo, mikono ameitandaza kwenye fremu ya mlango, jezi nyekundu imejaa majimaji ya machungwa. Mbele yake palikuwa na nusu duara la watu wa bluu, na katikati yao, ungo wa maandazi kiunoni, doña Nereida.

"Si baba!" Yudelka akapaza sauti hadi ikakwaruza. "Dirisha niliacha wazi mimi! Baba hakuligusa! Nilikuwa namwangalia huyu, nikasahau kufunga. Mkitaka kumtukana mtu, mtu mwenyewe ndiye mimi!"

Habari ikarudi nyuma mdomo kwa mdomo, safu kwa safu, na mtu asingeweza kujua itageuka nini. Doña Nereida akamtazama Yudelka. Akamtazama Radhamés, kutoka viatuni mpaka masikioni, bila haraka.

"Ulimwachia wazi huyu?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili yake ukatukosesha fainali?"

"Ndiyo, doña."

Mama akashika kiuno.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini wewe mwanangu umetukoholea fainali nzima!" Akageukia wenzake. "Sasa mnafanya nini hapa? Mtampiga? Mimi kwa mume wangu marehemu nilihamia Azua miezi mitatu, na sikuwahi kumwambia mtu!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Si wote. Wengine walitema mate chini, wakaondoka wamekunja jezi zao, na wapo mpaka leo hawampi Yudelka salamu. Lakini ile nusu duara ikafunguka.

Katikati ya uwanja, Confesor alisimama, akapangusa goti. Kipaza sauti kikakohoa mara moja, kisha kikazimwa.

Radhamés akainama, akavuta soksi, akatoa pete imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa inanuka kama unavyofikiria.

"Sitapiga goti," akasema. "Leo magoti yametosha. Na sikuulizi mbele za watu. Utanijibu ndani ya basi."

"Basi la Jogoo?"

"Hilohilo. Wote wekundu."

Yudelka akaguna. Akakichukua kile kitambaa, akakitia mfukoni.

"Baba, twende. Kuna basi."

"Tangulieni," don Fremio akajibu toka gizani mwa ukuta. "Polepole, magoti haya hayakimbizwi. Nina kazi ndogo."

Wakaanza kutembea kando ya mstari, bluu huku, nyekundu kule, gauni jeupe likabaki msumarini. Walikuwa wamefika karibu na lango Yudelka aliposikia nyuma yake bati linakwaruza bati, sauti aliyoijua kuliko sauti yoyote duniani. Akageuka.

Mkono wa mzee ulikuwa umetokeza dirishani. Uliichomoa 91, ukaizungusha, ukairudisha.

Kumi na sita.